Chungu cha Bibi wa Darajani

Maharage yale niliyaunguza mimi. Nimekana kwa zaidi ya miaka ishirini, mbele ya mume wangu, mbele ya binti zangu wawili, na mbele ya mama mkwe wangu, ambaye hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Nilisema ni makaa. Nilisema makaa ya siku hizi yanawaka kama yamemwagiwa petroli, kwamba yule muuzaji wa Kirumba anachoma miti isiyojulikana, kwamba hata sufuria lenyewe lilikuwa jembamba. Nilisema mengi. Ukweli ni kwamba asubuhi ile nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta, mwanamke mzima mwenye shahada, nikijaribu kumrudishia bibi mmoja chungu chake, na bibi huyo hakuwa hata mtu. Alikuwa picha.

Nieleze tangu mwanzo, maana maharage yale nusura yanipotezee watoto.

Ilikuwa miaka ya tisini, soko huria limefunguliwa na Mwanza imejaa vitu ambavyo hatukuwa tumejua kwamba tunavihitaji. Tulikuwa tunakaa Kitangiri, katika nyumba iliyojengwa juu ya mwamba kiasi kwamba ukitaka kupanda mchicha ulikuwa unapanda kwenye debe. Mume wangu alikuwa bwana mifugo, na siku nyingi za juma alikuwa huko Magu, kwetu nilikolelewa, akichanja ng'ombe. Mimi nilikuwa naandika barua za Kiingereza katika ofisi ya kiwanda cha minofu ya sangara. Shahada yangu ilikuwa ya fasihi, na nilikuwa nimeipeleka mbali: ilinisaidia kutunga sentensi kama vile "tunatumaini minofu yetu imewafikia ikiwa katika hali njema".

Pale kiwandani palikuwa na mtaalamu wa ubora kutoka ng'ambo. Mkataba wake ulipokwisha, aliitazama kompyuta yake, akautazama mzigo wake wa ndege, akaniachia kompyuta. Niliibeba hadi nyumbani kwenye gari la kiwanda, katikati ya makreti yenye harufu ya samaki, na harufu hiyo haikuitoka kamwe. Hadi leo nikiwa karibu na kompyuta iliyopata joto, nasubiri kusikia harufu ya sangara.

Ndani yake mlikuwa na mahesabu ya barafu, barua za mtaalamu kwa dada yake, na mchezo mmoja. Haukuwa mchezo wa kupiga risasi wala kukimbiza magari. Palikuwa na picha ya kijiji, na ndani ya picha alisimama msichana mwenye koti la njano na kofia. Ukipeleka mshale mahali fulani kwa kile kidude tulichokiita mausi, ukabonyeza, msichana anatembea kwenda pale. Ukibonyeza kitu, anakichukua. Ukibonyeza mtu, wanaongea, na maneno yao yanatokea chini ya picha kwa Kiingereza. Kengele ya kanisa la kijiji ilikuwa imepotea, na kazi ya msichana ilikuwa kuitafuta. Basi, hiyo tu.

Niliwakalisha binti zangu mbele yake kwa nia njema kabisa. Mkubwa alikuwa na miaka saba, yuko darasa la kwanza. Mdogo alikuwa na mitano, yuko chekechea. Nilikuwa nimeamua kwamba watoto wangu watajifunza kufikiri. Kiingereza hawakukijua, kwa hiyo mimi ningesoma yale maneno na kuyasema kwa Kiswahili. Niliona kama jambo la nusu saa.

Mtu wa kwanza tuliyekutana naye alikuwa mzee mwenye ndevu, ameketi kando ya kisima anavuta kiko. Nikamwambia mkubwa ambonyeze.

Hakumbonyeza. Alikunja mikono, akainamisha kichwa. "Shikamoo," akasema.

Mzee akaendelea kuvuta kiko.

"Shikamoo, babu," akasema kwa sauti zaidi.

"Hasikii," nikamwambia. "Mbonyeze tu."

"Nimbonyeze mzee?"

"Ana maringo," mdogo akasema.

"Hana maringo, ni kiziwi," mkubwa akamjibu. "Mama, tufanyeje sasa? Hajaitikia."

Nikaona kwamba hatutatoka pale kisimani. Nikakaza koo, nikatoa sauti nzito ya kizee: "Marahaba, wajukuu zangu. Hamjambo?" Watoto wakaangaliana kwa faraja. Sasa mzee aliweza kubonyezwa. Na tangu dakika ile mimi nikawa sauti ya kijiji kizima: niliitikia salamu za mwuza mikate, za mchungaji, za wanawake watatu waliokuwa wanafua mtoni, na za mbuzi mmoja ambaye mdogo aliona si vizuri kumpita kimya.

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mchezo wenyewe ulikuwa umejengwa juu ya wizi. Ili usonge mbele, ilibidi uokote kila kitu unachokiona: kamba ya kisimani, koleo la mtu, mshumaa wa kanisani. Mzungu aliyeutunga hakuona tabu yoyote. Binti yangu mkubwa aliona.

"Hiyo kamba ni ya nani?"

"Ni ya mchezo."

"Mchezo ni mtu?"

"Chukua tu, mwenyewe hayupo!" mdogo akasema, akaivamia mausi.

"Mwizi wewe!"

"Mwizi wewe! Nani alilamba sukari juzi?"

Tukakubaliana utaratibu. Kabla ya kuingia nyumba yoyote tunapiga hodi mara tatu, nami naitikia karibu. Kabla ya kuchukua kitu tunamwomba mwenyewe, nami nageuka mwenyewe na kuwapa. Mke wa mkulima mmoja, bila hata kuombwa, alimpa msichana mayai matatu. Hatukuwahi kuona kazi yake. Tuliyabeba juma baada ya juma, na kila jioni mdogo aliuliza kama hayajaoza.

Hivyo ndivyo mchezo wa nusu saa ulivyochukua miezi miwili, ukijumlisha na mgao wa umeme. Lakini mgao haukuwa na lawama peke yake. Sasa niseme lile lingine. Watoto wakiwa shuleni na mimi nikiwa na zamu ya mchana kazini, nilikuwa nawasha kompyuta asubuhi na kucheza peke yangu. Bila hodi, bila shikamoo. Nilimwendesha yule msichana kijiji kizima nikinyakua kila kilicholegea. Nilikuwa nataka kujua mbele kuna nini, ili jioni niweze kuwaongoza watoto kwa hekima. Nikimaliza, nilirudisha kila kitu, nikamsimamisha msichana palepale walipomwacha, kama mtu anayerudisha kiti cha watu mahali pake. Mchezo ulikuwa na tabia ya kukumbuka ulipoishia, na watoto walikuwa na tabia hiyohiyo.

Tulikwama darajani.

Darajani palikaa bibi mwenye lango. Nyuma ya lango palikuwa na njia ya kwenda mlimani, na kengele ilikuwa huko mlimani, hilo tulikuwa tumeshaambiwa. Nyumba ya msaga unga iliposhika moto, bibi huyo alimwazima msichana chungu cha kuchotea maji. Moto ukazimwa. Ikabaki kurudisha chungu. Msichana anakwenda darajani, anampa bibi chungu chake, bibi anachungulia ndani, anasema, "Hivi ndivyo mnavyofanya kwenu?" kisha anamrudishia. Lango halifunguki. Mara ya pili, hivyohivyo. Mara ya kumi, hivyohivyo.

"Labda kichafu," mkubwa akasema. Tukakiosha mtoni. "Hivi ndivyo mnavyofanya kwenu?"

"Labda hatupendi," mdogo akasema.

Mimi, asubuhi zangu, nilijaribu mambo ya kisomi. Nilimwendea bibi kutoka upande wa kushoto. Nilikiweka chungu mlangoni nikaondoka. Siku moja nilifikia kuandika kwenye karatasi kwamba huenda chungu si chungu bali ni ishara ya kitu, na nikaanza kuorodhesha vitu. Shule inaweza kumharibu mtu.

Hapo ndipo mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Bukoba. Alishuka melini na mikungu miwili ya ndizi, kopo la senene wa kukaanga, na miwani iliyofungwa uzi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza kwa maisha yake yote ya kazi, na watu wote duniani, pamoja na askofu wake, aliwaona kama waliwahi kupita darasani kwake na hakuridhika.

Siku ya kwanza aliingia jikoni, akaona bakuli la bluu.

"Hili si lako."

"La jirani, mama. Alituletea mchuzi wa sangara."

"Lini?"

Nikafikiri. "Juma lililopita."

"Na limekaa hapa linakungoja."

Alilijaza senene, akalifunika kwa kitambaa safi, akamwita mjukuu wake mkubwa alipeleke. Mimi nilisimama pale na mwiko mkononi nikitazama yote hayo kwa macho yangu mawili. Naomba mkumbuke kwamba niliyatazama.

Jioni hiyo alikuwa uani akitwanga karanga, akasikia kutoka sebuleni: "Hodi! Hodi! Shikamoo, mama mchungaji!" na sauti ya mtu mzima ikijibu, "Marahaba, karibuni ndani." Alipoingia alikuwa amejifunga kitenge kingine, kile kizuri, na amenawa mikono.

"Mgeni yuko wapi?"

Tukageuka wote watatu. Mdogo akamwonyesha kioo. "Huyu hapa, bibi. Msalimie, mama atakuitikia."

Aliketi, lakini alikigeuza kiti, akatupa mgongo, akachukua ungo wa maharage akaanza kuchambua. Alisema anakaa pale kwa sababu ya mwanga. Jioni zote zilizofuata alikaa palepale kwa sababu ya mwanga, ingawa mwanga ulikuwa upande mwingine. Hakugeuka isipokuwa mara moja, watoto walipomtumia msichana kuwasha mshumaa.

"Mshumaa mmeutoa wapi?"

"Kanisani, bibi," mkubwa akasema.

Mkono ukasimama juu ya ungo. "Mmechukua mshumaa wa kanisani?"

"Mama ameturuhusu."

"Mama yenu ni mchungaji?"

"Ndiyo," mdogo akasema. "Na mwuza mikate. Na mbuzi."

Mama mkwe akanigeukia. "Mwanangu," akasema, "wewe umesoma. Mimi sitasema kitu." Akarudi kwenye maharage yake, na namna alivyoyatupa mawe kwenye sahani ilisema kila kitu.

Sasa Jumapili yenyewe. Alikuwa anakwenda ibadani na watoto. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Kichwa kilikuwa kizima kabisa. Aliniachia maharage kwenye jiko la makaa uani, akaniambia neno moja: "Maji." Maana yake niyatazame maji yasikauke. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Walipopinda kona ya mwamba, nikawasha kompyuta. Jioni iliyotangulia watoto walikuwa wamemwacha msichana kwa msaga unga. Nikamkimbiza hadi darajani. Nilikuwa nimepata wazo jipya kuhusu chungu: kwamba lazima kirudishwe na mtu aliyevua kofia. Nikatumia muda mrefu kutafuta namna ya kumvua kofia. Haivuliki. Nilipoanza kusikia harufu, kwanza nilidhani ni ya kiwandani.

Mnajua harufu ya maharage yaliyoungua. Haiji yote mara moja, inatuma wajumbe kwanza. Nilipofika uani moshi ulikuwa umeshapanda hadi kwa jirani mwenye bakuli la bluu, naye alikuwa amesimama ukutani kwake ananipa pole. Niliepua sufuria, nikamwaga maji, likalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nilikuwa bado nalikwangua ndipo niliposikia malapa yao mlangoni.

"Ni makaa, mama," nikasema kabla hajauliza.

Mama mkwe alilichungulia sufuria. Aliingia sebuleni. Nikakumbuka, nikakimbia nyuma yake, lakini nilikuwa nimechelewa: kioo kilikuwa bado kinawaka. Aliweka kiganja juu ya kompyuta kama anavyompima mtoto homa. Akavaa miwani, akatazama picha. Akaivua.

"Lina joto hili," akasema.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa imesimama mbele yangu wazi kabisa, pana kama mlango wa kanisa. Badala yake nikasema, "Labda watoto waliliwasha asubuhi kabla ya kutoka."

"Mimi sijawasha!" mdogo akasema.

Mkubwa alisogea karibu. Alikitazama kioo, akanitazama mimi. "Mama," akauliza, "nani amemleta darajani? Sisi tulimwacha kwa msaga unga."

"Umeme," nikamwambia. "Umeme ukicheza, mambo yanahama."

Mama mkwe alikunja miwani yake, akaitia mfukoni. "Watoto wanaowasha mashine Jumapili asubuhi hata mama yao asijue," akasema polepole, "watoto hao hawana mtu wa kuwatazama. Watakuja Bukoba. Shule zikifunguliwa Januari wataanza kule, kwangu."

Nilicheka, nikidhani ni maneno ya hasira. Siku ya tatu mume wangu alirudi kutoka Magu, nikamweleza jambo hilo huku nikitegemea acheke pia. Alivua buti moja, akabaki ameshika ile nyingine.

"Mama ameshasema?"

"Ameshasema."

"Basi," akasema. "Bukoba shule ni nzuri."

Mume wangu ni mtu jasiri. Nimemwona akimshika fahali pembe. Lakini alipita darasa la kwanza kwa mama yake, na naye hakuwa amemaliza.

Siku ya kumsindikiza mama mkwe bandarini niliazimia kusema. Niliirudia sentensi njia nzima: "Mama, maharage niliyaunguza mimi, na kompyuta niliiwasha mimi." Ni sentensi fupi, mtoto wa darasa la kwanza anaiweza. Tulifika. Wapagazi walipita na magunia ya dagaa, watu wakaagana kwa Kihaya na Kisukuma, king'ora cha meli kikalia. Mama mkwe aliwashika watoto vichwa, akawaambia wakae tayari. Akanigeukia. "Nikishawapatia nafasi shuleni nitapiga simu ofisini kwako, nikwambie waje na meli gani."

"Mama," nikasema.

"Ndiyo, mwanangu."

"Safari njema."

Na bado, mngeniona siku zilizofuata, mngedhani ni mimi niliyeonewa. Nilizunguka nyumbani nimenuna. Nikisema kweli, nilikuwa nimejenga jengo zuri la sababu: kwamba nikikiri sasa, mama mkwe atajua kuwa mke wa mwanawe ni mwongo, tena anacheza michezo ya watoto na kuwasingizia watoto haohao, na hapo ndipo atawachukua moja kwa moja. Kila nilipolikagua jengo hilo sikuona ufa. Lilikuwa na kasoro moja tu, kwamba ndani yake watoto wangu walikuwa wanafunga mizigo.

Mkubwa alianza na daftari. Alizipanga kwenye boksi la sabuni, akaweka viatu vya shule juu, akavitoa, akaviweka tena. Mdogo alikuwa na maswali.

"Bukoba kuna umeme?"

"Kuna."

"Kwa bibi kuna kompyuta?"

"Hakuna."

"Basi dada aende. Mimi nitabaki na mayai."

Jioni moja, mkubwa akiwa ameshika mausi na yule msichana wa koti la njano amesimama tena mbele ya bibi wa darajani, aliniuliza bila kugeuka: "Mama, siku ile ulisema sisi ndio tuliwasha."

"Nilisema labda."

"Labda ni uongo?"

Nilikuwa nimefundishwa na maprofesa kadhaa, wengine mashuhuri, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali lililonikalia kooni vile. Nikamwambia aende akanawe miguu. Alikwenda. Nilimsikia akiinawa muda mrefu, miguu ambayo ilikuwa imeshanawa.

Siku hiyo niliazimia kwamba simu ikipigwa, kabla ya salamu kwisha, nitasema.

Ilipigwa siku chache kabla ya Krismasi. Simu ya ofisi yetu ilikaa kwenye meza ya katibu wa meneja, katikati ya chumba, na kila mazungumzo yalikuwa mali ya wote. "Bukoba!" katibu akaniita. "Njoo, ni mama mkwe wako!" Kalamu zote chumbani zikatulia.

Mama mkwe alikuwa anaongea kwa sauti ya kuvuka ziwa bila msaada wa waya.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba! Watoto hawajambo?"

"Hawajambo!"

"Baba yao?"

"Yuko Magu, mama, na ng'ombe. Mama, nilikuwa nataka nikwambie..."

"Subiri. Yule bibi, mmemrudishia chungu chake?"

Nilidhani laini imechanganyika na ya mtu mwingine. "Bibi yupi, mama?"

"Wa darajani! Mna mabibi wangapi?"

Katibu wa meneja aliinua macho. Nikageukia ukuta. "Tumemrudishia mara nyingi sana, mama. Hakitaki."

"Kina nini ndani?"

"Hakina kitu."

Ziwa zima la Viktoria lilipita kati yetu, maji yote.

"Kitupu?" akasema. "Mwanangu, unamrudishia mtu chombo chake kitupu? Wewe ulilelewa Magu au uliokotwa?"

Nikaliona bakuli la bluu. Nikaliona limejazwa senene na kufunikwa kitambaa, na mimi nimesimama na mwiko. Jambo hilo nalifanya tangu utoto wangu. Kwetu mtoto hupewa kikapu cha jirani pamoja na viazi ndani yake hata kabla hajajua kikapu ni nini. Haikuwahi kunijia kwamba aliyeutunga mchezo ule, huko kwao kwenye baridi, naye alikuwa na bibi. Nilidhani ndani ya kompyuta mna akili za aina nyingine.

"Mayai!" nikapiga kelele. Ofisi nzima ilinisikia.

"Mayai," mama mkwe akasema. "Matatu. Mdogo ananililia kwamba yataoza, nawe unaandika makaratasi. Nilikaa pale jioni zote nikisema, atakumbuka, msomi huyu, atakumbuka. Sasa sikia. Jumamosi ile jioni tulimwacha msichana kwa msaga unga. Mimi nilikuwepo, nilisikia. Jumapili natoka kanisani, namkuta darajani na chungu mkononi. Watoto nilikuwa nao mimi, wamekaa kulia na kushoto kwangu. Nani alimvusha?"

Sentensi yangu ilikuwa tayari. Nilifungua mdomo, nikaisikia ikitoka.

"Labda umeme, mama."

"Umeme."

"Ukicheza, mambo yanahama."

"Na maharage?"

"Makaa," nikasema, kwa sauti ndogo sana.

Kwanza nilidhani analia. Kisha nikagundua kwamba mwalimu mstaafu, huko Bukoba, anacheka, na kwamba karibu naye kuna mtu mwingine anayemuuliza kuna nini, naye anashindwa kumjibu. Alipopata pumzi alirudi na sauti yake ya darasani.

"Basi, watoto hawana kosa. Wabaki kwao. Mwalimu mkuu nitamwambia nafasi zile sizihitaji. Ningekuchukua wewe uje uanze darasa la kwanza hapa kwangu, maana ndiwe unayehitaji, lakini mwanangu atapikiwa na nani? Ingawa kwa kupika kwenyewe, sijui."

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Mwambie mkubwa atoe viatu kwenye boksi, vitajikunja. Na jioni muweke mayai ndani ya chungu. Wewe usishike mausi, waachie watoto. Kesho niko hapahapa ofisi ya usharika saa nne. Unipigie uniambie nyuma ya lango kuna nini."